Arusi Iliyohamishwa na Mvua Iliyokuwa Haijanyesha

Wenzangu wa chumba cha walimu, tangu nirudi Kitale mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mwalimu wa Hisabati anajua habari za treni. Mwalimu wa Sayansikimu anajua habari za biriani. Mwalimu mkuu anajua tu kwamba niliahidi kurudi kabla ya Krismasi na sikurudi. Kaeni basi, niwasimulie yote kwa mkupuo mmoja, halafu mniache nisahihishe madaftari.

Kwa wasiomjua, Fatma nilisoma naye chuo kikuu. Mimi nilitoka huko na Jiografia yangu nikaja kuwachorea watoto mawingu ubaoni. Yeye alikwenda kuyafuata mawingu yenyewe. Sasa yuko ofisi ya hali ya hewa Mombasa, na sauti yake ndiyo watu wa pwani huisikia redioni ikiwaambia kama kesho waanike nguo au waache. Aliniita arusini kwa Salma, binti wa shangazi yake, akaongeza, "Na uje uone kazi yangu. Mwaka huu ndio mwaka wa kuiona."

Kitale hadi Nairobi

Ninyi wenyewe mnakumbuka mwaka 1997 ulivyoishia. Basi letu lilikwenda vizuri mpaka tulipopita Eldoret. Huko mbele lori la mbao lilikuwa limelala kwenye tope, mkia upande huu wa barabara na kichwa upande wa pili. Tukashuka, tukajikunyata ukingoni, na mama mmoja akapata soko la mahindi yake ya kuchoma chini ya mwavuli.

Mzee mmoja aliyefunga koti lake kwa kamba ya katani alitueleza kwamba Elnino ni Mzungu. Alikuja na mvua hii makusudi, alisema, mahindi yetu yaoze ili auze yake.

"Na hayo yake yako wapi?" yule mama akamwuliza. "Mbona hatuyaoni?"

"Yako melini."

Nikajitia kueleza. Nikasema Elnino si mtu, ni maji ya Bahari ya Pasifiki yaliyopata joto kupita kawaida, na joto hilo likageuza mwendo wa pepo za dunia. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakanitazama kwa huruma. Mzungu wa mahindi alikuwa anaaminika zaidi. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimefadhaika kidogo, maana mimi ndiye ninayelipwa kulifundisha jambo hilo.

Treni

Treni ya Mombasa niliipanda Nairobi jioni ya siku iliyofuata. Tulikula supu, kuku na wali kwenye behewa la chakula, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe na supu inahama kutoka upande mmoja wa bakuli hadi mwingine. Nilitarajia kupata kifungua kinywa Mombasa. Badala yake nilikipata nyikani. Treni ilikuwa imesimama, na mafundi wa reli walikuwa mbele wakiikagua njia, kwa sababu maji yalikuwa yamelamba udongo chini ya mataruma yanayobeba reli.

Tulikaa hapo mpaka jua likawa kali. Nje palikuwa na bwawa la maji ya kahawia mahali ambapo, kwa vitabu vyetu, pangekuwa nyika kavu. Hakuna aliyelalamika sana. Wanawake wa kijiji cha karibu walituletea mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, na mhudumu wa treni akapita kila behewa akitueleza wazi kilichokuwa kinaendelea. Niliona jinsi watu wanavyotulia wanapoambiwa ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni "hatujui tutaondoka lini."

Tulipovuka kuingia kisiwani ilikuwa alasiri, na kilichonishangaza ni kwamba Mombasa ilikuwa kavu. Jua linawaka, nguo zimeanikwa kila roshani. Mvua kubwa za Oktoba zilikuwa zimewatesa watu wake, lakini sasa zilikuwa zimetulia, na mchukuzi aliyenibebea sanduku aliniambia kwa raha, "Elnino imekwisha, dada. Umekuja wakati mzuri."

Nyumba ya Bi Zuhura

Fatma alinipokea kituoni akanipeleka moja kwa moja Mji wa Kale, kwa shangazi yake Bi Zuhura, ambako naye alikuwa amehamia kwa siku chache kusaidia kazi za arusi. Ni nyumba ya ghorofa, ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti. Tulipiga hodi. Sauti ya mama mtu mzima ikatujibu kutoka juu ya ngazi:

"Karibuni! Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Kando ya ngazi palikuwa na ndoo ya plastiki. Nikaichukua, nikapanda nayo.

Bi Zuhura aliniangalia, akaiangalia ndoo, akacheka hadi akashika ukuta. Wanawake waliokuwa sebuleni wakichambua mchele wakaja kuona. Fatma ndiye aliyenieleza, machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba kwa Kimvita "ndoo" ni "njoo."

"Shikamoo, mama," nikasema, ndoo ingali mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

"Nafula."

"Na maana yake?"

Nikamwambia kwamba kwetu Bukusu mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Nafula.

"Ee!" akasema, akiwageukia wenzake. "Kumbe ndiye huyu! Tuna wiki nzima ya jua, na yeye aja na jina hilo, na ndoo juu!"

Tangu hapo nyumba nzima iliniita Bi Mvua. Nilipewa mahamri na mbaazi za nazi, nikala mpaka nikaona haya. Wageni kutoka Lamu walikuwa wamejaa, na saba kati yao, mmoja akiwa na mtoto mchanga, walikuwa wamepangiwa chumba cha nyuma kule chini. Bi Zuhura alinionyesha nyumba chumba kwa chumba. Hapo alizaliwa yeye, hapo alitolewa yeye mbele ya wageni siku ya arusi yake, na mama yake kabla yake. Salma, bibi arusi mwenyewe, alitufuata akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuisikia ziara hiyo mara nyingi.

Tulipofika chumba cha nyuma, Fatma alisimama. Ukuta wa nje ulikuwa umefanya tumbo, na ufa ulishuka kutoka kwenye boriti hadi sakafuni. Aliuwekea kiganja. Chokaa ikamwachia unyevu mkononi, ingawa nje palikuwa pakavu wiki nzima.

Biashara Street

Kesho yake tulikwenda Biashara Street kununua leso, zile kanga za kuwagawia wanawake wa arusi. Mwenye duka, Mhindi wa makamo ambaye familia yake imeuza nguo mtaa huo tangu enzi za babu yake, alimwona Fatma mlangoni akainua mikono miwili.

"Bi Fatma! Alhamisi ulisema mvua. Mimi na vijana wangu tumepandisha majora yote ya vitambaa juu ya meza, migongo inatuuma. Tone moja halikuanguka!"

Nilimtazama rafiki yangu nione atajiteteaje. Hakujitetea.

"Kweli kabisa," akasema. "Nilisema na haikunyesha. Wingu lilipita baharini likatuacha."

"Sasa nikuamini vipi?"

"Siku kama ile zikiwa kumi, saba zitanyesha na tatu zitakauka. Alhamisi ilikuwa moja ya zile tatu. Nami sina njia ya kujua mapema ni ipi. Ningekuwa nayo, ningekwambia." Akatazama meza. "Mbona majora bado yako juu?"

Mwenye duka akakuna kidevu. "Basi nishushe halafu wewe useme tena mvua? Yakae huko huko."

Wakacheka wote wawili, na akatupunguzia bei bila kuombwa. Nilitembea nikiwaza. Mimi darasani nikikosea jambo, hutafuta namna ya kulizungusha mpaka lifanane na usahihi. Fatma alikosea mbele ya mji mzima, kwa redio, na aliweza kupita Biashara Street kichwa kikiwa juu kwa sababu hakuwa ameficha kitu.

Mama Ngina

Jioni alinipeleka Mama Ngina, barabara ya kando ya bahari, kupunga upepo. Tulinunua mihogo ya kukaanga, ikapasuliwa, ikatiwa pilipili na ndimu. Muuza mihogo alimtambua kwa sauti tu, kabla hata hajamtazama uso.

"Wewe si yule wa redioni? Hebu niambie. Nasikia bahari ya huko Pasifiki ndiyo inatuletea mvua. Pasifiki iko wapi na sisi tuko wapi?"

Nilikumbuka aibu yangu barabarani, nikatega sikio. Fatma alielekeza kidole kwenye karai la mafuta.

"Ukizidisha moto upande mmoja wa karai hilo, mafuta ya upande wa pili yanakaa kimya?"

"Aa, karai zima linachemka."

"Ndiyo hivyo. Bahari na hewa ni karai moja. Kule Pasifiki pamepata joto, na pepo zimebadilika. Na hii bahari yetu unayoiona hapa nayo ina joto kuliko kawaida, kwa hiyo hewa inayotoka huko inakuja imebeba maji mengi. Ikifika nchi kavu, inayamwaga."

Watu waliokuwa wakila walianza kusogea. Karani mmoja wa bandarini, mtu wa bara kama mimi, akauliza kama huku ndiko kuharibika kwa hali ya hewa ya dunia kunakosemwa magazetini.

"Tusichanganye," Fatma akasema. "Elnino ilikuwapo kabla ya babu zetu, huja na kuondoka. Dunia kupata joto ni jambo jingine, la polepole, linatokana na moshi wa mafuta na makaa tunayochoma. Msimu mmoja mbaya hauthibitishi hilo. Linapimwa kwa miaka mingi. Lakini dunia ikizidi joto, hewa hubeba maji zaidi, na mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa. Ndiyo maana tunapima kila siku, hata siku za jua."

Mwanamume mmoja wa makamo mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono akatikisa kichwa. "Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, bibi. Ninyi mnamjulia vipi?"

"Hatumjulii, na hatumpangii," akamjibu kwa upole. "Sisi twatazama tu alichokwisha kukifanya baharini, tukawaambia watu."

Yule bwana akasema, "Hapo sina neno," akatununulia madafu.

Ukuta

Jumatano Fatma alirudi kutoka kazini mapema, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hata buibui hakuvua. Alimkuta Bi Zuhura jikoni akipima viungo vya biriani ya Ijumaa, siku ya nikaha.

"Shangazi, kunakuja mvua kubwa. Naiona Alhamisi usiku hadi Ijumaa. Nataka arusi ihamie kwa baba, Kizingo. Na wageni wa chumba cha nyuma wasilale tena humu kuanzia leo."

Bi Zuhura hakuinua kichwa. "Jua lote hilo, Fatma?"

"Jua lote hilo."

"Alhamisi iliyopita ulisema vivyo hivyo."

"Nilisema. Na hii nayo yaweza kutupita. Siwezi kukuapia."

"Huwezi kuniapia," Bi Zuhura akarudia, na sasa aliweka kijiko chini. "Waniambia nimtolee binti yangu nyumba ya watu. Ramadhani yabisha hodi, sina siku nyingine. Mji mzima wajua arusi ni hapa. Nitawaambia nini? Kwamba nimekimbia mvua ambayo haiko?"

Jikoni wote walimgeukia Fatma. Salma alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani Fatma angeleta hoja za pepo na joto la bahari, kama nilivyofanya mimi. Alikaa chini mkekani, karibu na magoti ya shangazi yake.

"Waambie ni mimi. Lawama zote niwekee mimi. Shangazi, tukihama na isinyeshe, tumepoteza usingizi na watu watanicheka. Tusipohama na ikanyesha, ukuta ule una wanawake saba na mtoto nyuma yake. Mimi sikwambii itanyesha. Nakwambia siwezi kulala humu nikijua ninachokijua."

Bi Zuhura aliuvuta mfuko wa mchele karibu naye. Salma ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sioni vibaya kutokea Kizingo."

"Wewe huoni vibaya," mama yake akamjibu, "kwa kuwa hukuolewa katika nyumba hii." Kisha akainuka, akafunga mfuko wa mchele kwa nguvu. "Haya. Beba. Lakini Fatma, jua likiwaka Ijumaa, usinijie na Pasifiki yako."

Kizingo

Tulihama na sufuria, masinia, magodoro, sanduku la nguo za Salma na wageni wote. Baba yake Fatma anakaa nyumba kubwa kwenye miti mingi, mitaa mipana na kimya, mahali ambapo majirani hupita kwa gari bila kusalimiana. Wanawake wa Lamu walitazama ukubwa wa ua wakasema hapa mtu akipiga vigelegele atajijibu mwenyewe.

Alhamisi jua liliwaka kama halijapata kuwaka.

Sitasahau siku ile. Bi Zuhura hakukaa chini kutwa. Alisugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa. Majirani wa Mji wa Kale walikuja kuangalia, wakatazama mbingu, wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Bi Mvua, vipi, umetutupa?" Fatma alikuwa kazini. Aliporudi hakutafuta pa kujificha. Alikaa katikati ya wanawake akamenya vitunguu nao, na kila aliyemwuliza alimjibu vilevile: bado inaweza kuja, bado inaweza kutupita.

Ijumaa alfajiri niliamshwa na mlio kama wa kokoto zikimwagwa juu ya bati. Nilipotoka sebuleni nilimkuta Bi Zuhura dirishani, ushungi kichwani, mikono kifuani. Ua wote ulikuwa maji. Hakugeuka. Alisema tu, "Yanyesha."

Ilinyesha hivyo hadi mchana bila kupumua. Wanaume walikwenda kwenye nikaha msikitini wakarudi kanzu zimewaganda miguuni. Biriani ilikuwa inapakuliwa wakati jirani wa Mji wa Kale, fundi cherehani, alipoingia amelowa chapachapa, viatu mkononi.

"Bi Zuhura," akasema, "ukuta wa nyuma umekwenda. Na dari imekwenda nao. Chumba chote."

"Mlikuwa na mtu humo?" Bi Zuhura aliuliza, kana kwamba hakujua jibu.

"Hamna mtu."

Bi Zuhura alikaa kwenye kiti cha karibu. Aliwatazama wale wanawake wa Lamu mmoja baada ya mwingine, wakiwa na masinia mikononi. Kisha akamnyooshea mikono yule mwenye mtoto mchanga, akampokea mtoto, akampakata. Hakumrudisha. Salma alipotolewa, amepambwa asumini na dhahabu, mama yake alimtazama akiwa na mtoto wa watu begani, na alilia kwa yote mawili, nyumba na binti, bila kuyatenganisha. Vigelegele vilipigwa, na niwaambie, ua wa Kizingo uliitikia vizuri tu.

Fatma nilimkuta barazani, peke yake, analia.

"Umewaokoa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Nafula, tangu Jumatano nilikuwa naomba niwe nimekosea. Wajua? Kila nilipotazama zile picha za mawingu nilikuwa naomba."

Nikampa pindo la leso yangu ajifute. Nilikaa naye mpaka aliponyamaza. Baadaye mlango ulifunguka, na Bi Zuhura akatoka na sinia la biriani, nyama zote nzuri zimewekwa upande mmoja. Akaliweka mbele ya Fatma.

"Kula," akasema. "Na kesho uniambie mapema, nipate kujua mafundi waanze lini."

Voi

Safari ya kurudi iliharibika mara kadhaa, ndiyo maana Krismasi ilinikuta njiani. Treni yangu iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na mwishowe iliondoka Mombasa asubuhi badala ya jioni. Tulifika Voi mchana, tukasimama. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima vya Taita.

Niliyeketi naye alikuwa Mama Mghoi, mwanamke wa Taveta aliyekuwa akirudi nyumbani na wanawe wawili. Hapo Voi alikuwa ashuke achukue gari. Nilikuwa nimemsimulia habari za arusi, na sasa aliniinamia.

"Mwalimu, wewe umekaa na hao watu wa hali ya hewa. Hii itanyesha leo? Barabara ya Taveta ina makorongo, yakijaa hupiti. Nina dada yangu hapa Voi, lakini mume wangu ananingoja leo."

Niliyatazama mawingu. Niliogopa, sifichi. Ubaoni sijawahi kuogopa.

Nilimwambia mimi si mtaalamu. Nilimwambia kwamba asubuhi nilisikia redioni mvua kubwa inatarajiwa upande huu, na kwamba mawingu kama yale ya vilimani mara nyingi humwaga, lakini si kila mara. Nilimwambia kuwa huenda akalala Voi bure. Kisha nikamwuliza kama angeweza kukaa na watoto ndani ya gari, katikati ya makorongo mawili, ikiwa yangejaa.

Alifikiri, akifunga na kufungua pindo la leso yake. "Mume wangu ataudhika," akasema. Akawaamsha watoto. "Haya, twendeni kwa mama mdogo."

Niliwaona wakivuka jukwaa la kituo, mdogo mgongoni, mkubwa ameshika kifurushi, wakageukia mjini, si kwenye magari. Tone la kwanza lilikuwa halijaanguka. Treni ikaondoka, na mpaka leo sijui kama jioni ile ilinyesha Taveta.